Padre Siméon Lourdel, Mapeera: Mmisionari Kijana Aliyejifunza Kungoja

Kila mwaka, inapokaribia tarehe 3 Juni, waamini wengi kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki hushika njia kwenda Namugongo kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda. Majina ya Karoli Lwanga, Yosefu Mukasa Balikuddembe na Kizito yanajulikana hata kwa watoto wa Utoto Mtakatifu. Jina la padre aliyewatangulia katika imani vijana hao halitajwi sana upande wetu wa ziwa, ingawa alipita katika ardhi yetu kwa miguu, kutoka Bagamoyo hadi Kageye. Huyo ni Padre Siméon Lourdel wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Waganda wanamwita Mapeera hata leo.

Siméon Lourdel alizaliwa tarehe 20 Desemba 1853 katika kijiji cha Dury, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa kijana wa seminari alipovutwa na wito wa Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868. Lavigerie aliwadai wana wake mambo matatu yasiyo mepesi: waseme lugha ya watu waliotumwa kwao, wale chakula chao, na wavae kama wao. Ndiyo maana walivaa kanzu nyeupe ya Afrika ya Kaskazini, na rozari shingoni. Lourdel alipewa daraja takatifu ya upadre tarehe 2 Aprili 1877, akiwa na umri wa miaka 23. Mwaka uliofuata alihesabiwa miongoni mwa wamisionari kumi wa msafara wa kwanza kuelekea Maziwa Makuu.

Msafara huo uliondoka Marseille mwezi Aprili 1878. Zanzibar na Bagamoyo walipokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wameweka misingi ya utume Bagamoyo tangu mwaka 1868. Mwezi Juni wakaanza safari ya bara pamoja na wapagazi wao. Waliofikiri kwamba utume huanza siku ya kufika walionyeshwa njiani kwamba sivyo. Homa, kiu, wapagazi waliotoroka na hongo zilizodaiwa na watawala wa njiani viliwafundisha unyenyekevu kabla hawajafundisha katekisimu yoyote. Mwezi Agosti walimzika njiani Padre Joachim Pascal, aliyekuwa amewekwa kuwa mkuu wa kundi la Tanganyika. Unyamwezini wakagawanyika: wengine wakaelekea Ujiji, wengine, pamoja na Padre Léon Livinhac na Lourdel, wakaelekea Nyanza. Mwishoni mwa Desemba 1878 walifika Kageye, kusini mwa ziwa, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza wa leo.

Hapo hapakuwa na vyombo vya kuwavusha wote. Lourdel na Bruda Amans walitangulizwa kwa mtumbwi kwenda kuomba ruhusa ya kabaka. Tarehe 17 Februari 1879 walitia nanga Kigungu, karibu na Entebbe. Lourdel alikuwa na umri wa miaka 25. Alikuwa padre wa chini ya miaka miwili, na hakuwa na mkuu wake karibu wa kumwuliza neno.

Tumtafakari kijana huyu mbele ya Kabaka Muteesa wa Kwanza. Ikulu ile ilikuwa na taratibu za kale, wakuu wenye akili kali, na kabaka aliyezoea kupima wageni. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamefika miaka mingi kabla yake, na pamoja nao dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wametangulia tangu mwaka 1877, na miongoni mwao alikuwapo Alexander Mackay, Mskoti hodari wa ufundi. Lourdel hakujua Kiganda. Lugha iliyomfungulia mlango wa ikulu ilikuwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho cha kujifunza alilazimika kujieleza mbele ya watu waliokisema vizuri kuliko yeye. Mwalimu alianza kwa kuwa mwanafunzi.

Muteesa alimkubali, akatuma mitumbwi kuwaleta wenzake waliobaki Kageye. Mwezi Juni 1879 jumuiya ikakamilika. Kabaka aliwapa mahali pa kuishi karibu na mji wake, nao wakaanza maisha ya kawaida: kujenga nyumba ya miti na nyasi, kula ndizi, kuandika maneno mapya ya Kiganda, kuwafundisha watoto waliowakomboa utumwani. Livinhac alitunga sarufi ya Kiganda iliyochapwa Paris mwaka 1885. Lourdel alipata nafasi yake kwa tabasamu na kwa sanduku la dawa. Alimtibu kabaka mwenyewe alipougua, akawatibu na wadogo wasio na cheo.

Jina lake nalo alipewa hapo. Waganda walisikia akiitwa kwa Kifaransa kwa neno lenye maana ya baba yangu, masikio yao yakalipokea kuwa Mapeera. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, maana kwake neno hilo linakumbusha tunda, na kwa Kiganda vilevile. Hata hivyo jina hilo lilikuwa ishara ya kupokelewa. Mgeni hawezi kujipa jina la nyumbani, bali hulipokea kutoka kwa wenyeji.

Tusifiche udhaifu wa mwanzo huo. Lourdel na Mackay walibishana hadharani mbele ya kabaka juu ya mafundisho ya Kanisa na ya Matengenezo. Wote wawili walimpenda Kristo, na wote wawili walikuwa vijana wenye bidii. Lakini kabaka na wakuu wake waliona wageni wawili waliohubiri Bwana mmoja bila kukubaliana. Jeraha hilo la utengano liligharimu Buganda mengi baadaye, nasi leo tunaosali pamoja na ndugu zetu wa madhehebu mengine hatuna budi kulikumbuka kwa toba.

Jaribu la pili lilikuwa la haraka. Jumamosi Kuu ya tarehe 27 Machi 1880, mwaka mmoja na wiki chache tangu kufika Kigungu, wamisionari waliwabatiza wakatekumeni wao wa kwanza. Furaha ilikuwa kubwa, na nani asingefurahi? Lakini habari ilipomfikia Lavigerie hakuwapongeza. Aliona kwamba wamekwenda mbio, akasisitiza kanuni yake kwamba anayetaka kubatizwa apitie miaka minne ya maandalizi. Kwa mmisionari kijana anayehesabu matunda, hilo lilikuwa agizo gumu. Kungoja kwaweza kuonekana kama kushindwa. Lourdel na wenzake walitii. Waliendelea kufundisha polepole, kumjua kila mmoja, kumwuliza tena na tena kama yuko tayari kuacha yanayopaswa kuachwa. Muteesa mwenyewe alivutwa na imani, lakini hakuwa tayari kuwaacha wake zake wengi, na mapadre hawakupunguza masharti ya Ubatizo kwa sababu ya taji.

Tarehe 30 Aprili 1882 walibatizwa Yosefu Mukasa, mhudumu wa ikulu, na Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma. Miezi saba haikupita wamisionari wakaondoka. Hali ya ikulu ilikuwa imebadilika, wakaona usalama wao na wa watoto waliowalea uko mashakani. Mwezi Novemba 1882 walivuka ziwa kurudi kusini, na mwaka uliofuata wakafungua kituo cha Bukumbi, katika nchi ya Wasukuma. Kwa macho ya kibinadamu, miaka karibu minne ya jasho ilikuwa imekwisha bure. Waliacha nyuma waamini wachache, wachanga, bila padre, bila Misa, bila Maungamo.

Na hapa ndipo maisha ya Mapeera yanapotufundisha somo kuu. Muteesa alifariki mwezi Oktoba 1884, mwanawe Mwanga akatawala, naye akawaalika mapadre warudi. Lourdel alipokanyaga tena Buganda mwezi Julai 1885, hakukuta magofu. Alikuta Kanisa hai, lililokuwa limeongezeka. Yosefu Mukasa, aliyekuwa Mkristo wa nusu mwaka tu wakati mapadre wanaondoka, alikuwa amewafundisha na kuwalinda wahudumu vijana wa ikulu kwa karibu miaka mitatu. Nyumba ya nyasi waliyoijenga wamisionari si ndiyo iliyokuwa makazi yao halisi Buganda. Makazi yao yalikuwa watu hawa, na watu hawa hawakuhama.

Amani haikudumu. Yosefu Mukasa alimlaumu Mwanga kwa kumwua Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana, na aliwakinga vijana na matendo maovu ya kabaka. Hata dawa ambayo Lourdel alimpa Mwanga siku hizo ilifanywa kuwa sababu ya shutuma. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa. Usiku uleule Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi yake ya kuwaongoza vijana, alikwenda kwa mapadre akabatizwa, na katika siku zile wakatekumeni wengi walifanya vivyo hivyo. Sasa mapadre hawakuwa na sababu ya kuwachelewesha. Vijana hawa walikuwa wameandaliwa, na walijua wanachokiomba.

Mwishoni mwa Mei 1886 dhoruba ilipasuka Munyonyo. Alfajiri ya tarehe 26, kabla ya kuitwa mbele ya kabaka, Karoli Lwanga aliwabatiza mwenyewe wakatekumeni waliobaki, akiwemo kijana Kizito. Lourdel alikwenda kumwomba kabaka huruma, lakini hakusikilizwa. Aliwaona wanawe wakipita mbele yake wamefungwa kamba, naye hakuruhusiwa kusema nao. Padre aliyevuka bahari na bara ili kuwabatiza hakuwabatiza wale wa mwisho, wala hakuwasindikiza hadi motoni. Kazi hiyo waliifanya wao kwa wao. Tarehe 3 Juni, Namugongo, walikufa wakisali.

Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Wamisionari Wakatoliki na Waanglikana walifungwa pamoja, kisha wakafukuzwa pamoja katika chombo kimoja cha Waanglikana. Pande mbili zilizobishana ikulu sasa zilikuwa katika chombo kimoja. Mwanga naye, akiwa mkimbizi, alibisha hodi Bukumbi, na mapadre aliowaulia watoto wao wa kiroho wakampokea. Sidhani kama kuna mahubiri ya Lourdel yaliyosema zaidi ya ukarimu huo.

Alirudi Buganda kwa mara ya mwisho, akafa kwa homa Lubaga tarehe 12 Mei 1890, akiwa na umri wa miaka 36. Mackay alikuwa ametangulia miezi mitatu kabla, kwa homa vilevile, huko Usambiro kusini mwa ziwa.

Wapendwa wasomaji, majimbo yetu, ambayo jana yalipokea wamisionari, leo yanawatuma mapadre na masista vijana nchi za mbali. Wengine wanaandika nyumbani wakilalamika juu ya lugha ngumu, baridi, upweke, na waamini wachache kanisani. Nasi parokiani hupokea padre mpya, na baada ya mwezi mmoja tunamwuliza amejenga nini. Tumpe nafasi ya kula chakula chetu na kutujua majina. Na yeye aliyetumwa asiogope miaka ya kungoja. Ajiulize tu: siku nikiondoka, yupo Yosefu Mukasa atakayebaki?

Tuwaombee wamisionari wote, walio hai na marehemu. Mashahidi wa Uganda, mtuombee.