Lon Chaney, mwigizaji wa sura elfu moja aliyelelewa na wazazi viziwi

Mwigizaji wa Marekani Lon Chaney alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 katika mji wa Colorado Springs. Baba na mama yake wote walikuwa viziwi. Nyumbani waliongea kwa mikono na kwa uso, na tangu udogo mtoto huyo alizoea kueleza furaha ao hasira bila kutoa neno. Ujuzi huo ndio uliomlisha baadaye, kwani sinema ya wakati ule haikuwa na sauti.

Lakini hakuingia kwenye sinema kwa kupenda. Alikuwa mtu wa tamthilia, akizunguka mji kwa mji pamoja na mke wake Cleva, mwimbaji. Ndoa ilijaa ugomvi. Mwezi wa Aprili 1913, huko Los Angeles, Cleva alijaribu kujiua kwa sumu. Alipona, ila sauti yake ya kuimba iliharibika. Kashfa hiyo ilimfungia Chaney milango ya tamthilia. Ndipo akaenda kwenye kampuni ya Universal, akichukua kazi ndogo ndogo.

Jina lake lilivuma mwaka wa 1919 katika The Miracle Man, alimocheza mtu anayejifanya kilema. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya The Penalty, alifunga miguu yake kwa nyuma na kutembea juu ya magoti, kwa maumivu makali. Kisha yakaja The Hunchback of Notre Dame (1923) na The Phantom of the Opera (1925). Uso wa kutisha alijitengenezea mwenyewe, na ndiye aliyeandika makala kuhusu kazi hiyo katika Encyclopaedia Britannica ya 1929.

Kongo pia imo katika historia yake. West of Zanzibar ya 1928 ilitokana na tamthilia iitwayo Kongo. Chaney ni mzungu aliyepooza miguu, anayeishi porini na kuwatisha wenyeji kwa mazingaombwe. Kongo hiyo ilijengwa ndani ya studio, California, na Mkongomani hawezi kujitambua humo.

Mwaka wa 1930 alikubali hatimaye kusikika: katika The Unholy Three alitumia sauti tano tofauti. Ilikuwa filamu yake moja tu yenye sauti. Kansa ilimuua tarehe 26 Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 47. Siku za mwisho hakuweza tena kusema, akarudia kuongea kwa mikono.