Harry Thuku na Swali la Kodi

Harry Thuku hukumbukwa zaidi kwa kukamatwa na kuhamishwa kwake. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, yaani kama mlipa kodi aliyetaka kujua ni nani anayeamua matumizi ya fedha za umma.

Thuku alizaliwa Kambui, Kiambu, mwaka 1895. Alisoma katika shule ya misheni, akafanya kazi katika gazeti la walowezi, kisha akawa mpokeaji simu katika Hazina mjini Nairobi. Alikuwa huko wakati kodi ya nyumba na ya kichwa ilipopandishwa hadi shilingi 16, nao waajiri wakaazimia kupunguza mishahara kwa thuluthi moja.

Mwaka 1921 aliongoza kuundwa kwa chama cha vijana wa Kikuyu, kisha Chama cha Afrika ya Mashariki. Badala ya kupitia kwa machifu, alipeleka malalamiko London moja kwa moja, na hatimaye akapoteza kazi yake. Mapema mwaka 1922 mikutano yake ilifika Murang'a. Tarehe 14 Machi alikamatwa. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulimiminiwa risasi, na serikali ikakiri vifo 21. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku alihamishiwa Kismayu, akakaa mbali na kwao kwa zaidi ya miaka minane.

Hata hivyo, kodi ilishushwa hadi shilingi 12, na sheria ya mwaka 1924 ikaanzisha Mabaraza ya Wenyeji. Wenyekiti wake walikuwa wakuu wa wilaya. Wananchi wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walichanga kupitia mabaraza hayo wakitaraji shule ya sekondari. Shule iliyofunguliwa Kagumo, Nyeri, mwaka 1933 haikuanza katika kiwango hicho. Ni dhahiri kwamba kuketi barazani hakukuwa sawa na kuamua.

Baadaye Thuku alishika siasa za wastani, akaipinga Mau Mau, akawa mkulima wa kahawa hadi alipofariki mwaka 1970. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Lakini swali lake lilidumu. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 201, inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Mkaazi wa Nyeri anayehudhuria kikao cha bajeti ya kaunti hana budi kuuliza iwapo maoni yake yatabadilisha chochote, au kama ameitwa ili ahesabiwe tu.