Maisha ya Bibi Salme, Binti Sultani Aliyeshika Kalamu

Vitabu ni vya namna nyingi. Viko vya hadithi za kubuni, viko vya hesabu na elimu ya viumbe, na viko vile ambavyo mtu aliketi akaandika mambo yaliyompata mwenyewe: mahali alipozaliwa, nchi alizosafiri, na mawazo yake juu ya desturi za wanadamu. Vitabu vya namna hii ya mwisho ndivyo nivipendavyo kuliko vyote, kwa sababu msomaji hupata mambo mawili kwa mara moja. Hupata habari za nchi na za zama, na tena humjua mwandishi mwenyewe, wema wake na upungufu wake. Katika toleo hili napenda kuwaeleza wasomaji maisha ya mmoja wa waandishi hao, aliyezaliwa katika kisiwa cha Unguja akafa katika nchi ya baridi mbali sana na kwao.

Seyyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, ambaye alihamishia makao yake Unguja na kuhimiza kilimo cha mikarafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan, naye alikuwa Mcherkesi, yaani mtu wa kabila moja la milima ya Kaukazi. Alitekwa vitani angali mtoto mdogo, akauzwa, na mwishowe akawa suria katika nyumba ya Sultani. Basi damu ya Bibi Salme ilikuwa nusu ya mfalme na nusu ya mtu aliyepata kununuliwa kwa fedha. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana tutalirudia.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji mdogo. Uani walitembea tausi, paa na mbuni, na watoto walicheza kutwa baina yao. Lugha zilisikika nyingi: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyinginezo, lakini mbele ya Sultani haikuruhusiwa kusema ila Kiarabu. Salme alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alihamia na mama yake mjini, katika nyumba ya ndugu yake Majid, na huko akafundishwa kupanda farasi na kulenga shabaha.

Katika elimu, hata hivyo, palikuwa na mpaka. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika ilikuwa kazi ya wavulana tu. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ulitumika kama ubao wa kuandikia, akaanza kunakili herufi za Kurani kwa siri, bila mwalimu, mpaka mkono wake ukazoea. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana, lakini hapakuwa na awezaye kumnyang'anya ujuzi aliokwisha upata. Wanafunzi wa leo wanaolalamika kwa kukosa kitabu kimoja au kalamu ya rangi wangefaa kuufikiri mfupa ule.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Dola yake ikagawanyika: Thuwaini akashika Oman, na Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 mama yake Salme naye alikufa kwa kipindupindu. Binti akabaki yatima, ana mali na mashamba, lakini hana mshauri. Mwaka huo huo ndugu yake Barghash alifanya shauri la kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, naye Salme alimpenda Khole mno, hata akavutwa akaingia katika shauri lile. Kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa mwandishi wao. Barua za siri za kuagiza silaha na kuomba msaada zikatoka katika mkono wa msichana wa miaka 15.

Fitina ile ilishindwa. Majid alisaidiwa na Waingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake, lakini Salme alipoteza imani ya watu wa pande zote mbili. Akakaa shamba, Kizimbani na baadaye Bububu, kabla ya kurudi mjini. Hivyo twaona kwamba ujuzi ni kama kisu: ndicho hukata mboga, ndicho humkata mwenyewe.

Huko mjini alikaa jirani na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mzaliwa wa Hamburg. Wakajuana, wakapendana, na Salme akachukua mimba. Kwa binti wa Sultani, tena Mwislamu, jambo lile lilikuwa la hatari kubwa, hata ya kufa. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akafika Aden, na huko akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na Ruete siku hiyo hiyo, kisha wakafunga safari ya Ulaya. Mtoto yule mchanga alikufa njiani. Katika barua zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake, alikiri kwamba aliingia dini mpya akijua machache sana juu yake, na kwamba moyo wake haukupata utulivu kwa muda mrefu.

Hamburg ilimpokea kwa macho ya kumshangaa. Hakujua Kijerumani, hakuizoea baridi wala chakula, na kila alipopita watu walimtazama. Alizaa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Mwaka 1870, kitinda mimba akiwa na umri wa miezi michache tu, mumewe aliruka kutoka katika tramu ya kukokotwa na farasi, akaanguka, ikamkanyaga, akafa baada ya siku chache. Hivyo Bibi Salme, aliyezaliwa katika nyumba yenye watumishi wasiohesabika, akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi ya watu, ana watoto watatu wa kulea na mali kidogo. Alihama mji hadi mji, akapata fedha kidogo kwa kufundisha Kiarabu. Ujuzi alioupata kwa mfupa wa ngamia sasa ukawa chakula cha watoto wake.

Alitamani sana kupatana na ndugu zake na kupewa haki yake ya urithi. Majid alikuwa amekufa mwaka 1870, na Barghash, yule aliyeandikiwa barua zake zamani, ndiye aliyekuwa Sultani. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda huko ili amwone, lakini wakubwa wa Kiingereza wakamzuia kwa ahadi za kuwasaidia watoto wake, nazo ahadi hazikutimizwa. Mwaka 1885 Wajerumani wakampeleka Unguja pamoja na manowari zao. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walikuwa wakimtisha Barghash akubali madai yao ya nchi za bara, nayo habari ya dada yake ilikuwa kisingizio kizuri. Watu wa mji walimlaki kwa furaha, lakini Barghash alikataa kumwona. Shabaha ya serikali ilipotimia, haja ya mjane ikawekwa kando. Mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, alirudi tena kumwomba ndugu yake mwingine, Khalifa, aliyeshika kiti, lakini hakufaulu.

Katikati ya taabu hizo ndipo kilipotoka kitabu chake. Alianza kukiandika akiwa mgonjwa na mchovu, akidhani hataishi kuwaona watoto wake wakikua, nao hawakujua habari za mama yao ila kwamba ni Mwarabu wa Unguja. Hakukusudia kwanza kuwaandikia walimwengu. Aliwaandikia watoto watatu. Kitabu kilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, na muda mfupi baadaye kikafasiriwa kwa Kiingereza. Aghalabu hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kuchapisha maisha yake mwenyewe.

Faida ya kitabu kile ni kubwa. Ndani yake tunasoma namna nyumba ya Mtoni ilivyoendeshwa, watoto walivyosomeshwa, wagonjwa walivyouguzwa, sikukuu zilivyofanywa na ndoa zilivyofungwa. Wazungu wengi walikuwa wameandika habari za Unguja, lakini hao waliona milango tu. Yeye alizaliwa nyuma ya milango ile. Tena hakuogopa kuwajibu Wazungu waliodhani kwamba mwanamke wa Mashariki ni kama kiti tu cha nyumbani. Aliwatajia shangazi wa baba yake, aliyetawala Oman kwa niaba ya mtoto asiyefikia umri, ambaye zama za vita alivaa nguo za kiume usiku akaenda kukagua walinzi.

Walakini kuna neno moja ambalo lazima nilieleze wazi, maana kusifu tu si kufundisha. Bibi Salme aliutetea utumwa. Aliandika kwamba watumwa wa Waarabu walitunzwa vyema kuliko watumwa wa mahali pengine, akalaumu haraka ya Wazungu ya kuuondoa, tena akawasema watu weusi maneno ya dharau. Yawezekanaje mtoto wa mama aliyeuzwa aseme hivyo? Nadhani jawabu ni kwamba utumwa alioujua ni ule wa kasri, ambamo suria aliweza kuvaa dhahabu na mtoto wake kuitwa Seyyida. Utumwa wa shamba hakuuonja. Karafuu huchumwa kwa mkono, shada kwa shada, mtu akiwa juu ya mti. Kisha huchambuliwa na kuanikwa juani. Kazi hiyo ndiyo iliyojenga majumba, na walioifanya walikuwa wametekwa bara, wakatembezwa mpaka pwani, wakauzwa sokoni Unguja. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa sahihi na Barghash mwenyewe, na utumwa ukaondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897. Watu wale nao walikuwa na mama, na safari, na maneno ya kusema. Hawakuwa na kalamu.

Jambo hili halikufa pamoja naye. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake. Baadaye watu walipoyatazama aliyoyaandika juu ya watumwa, jina hilo likaondolewa. Wengine watasema ni haki, na wengine watasema ni kumhukumu marehemu. Mimi naona kwamba kuondoa jina uwanjani ni jambo la watu wa mji ule kuamua, lakini kuondoa kitabu katika maktaba lingekuwa kosa. Kitabu hiki na kisomwe, tena kisomwe kwa macho mawili: jicho moja limtazame aliyesema, na jicho la pili liwatafute walionyamaza.

Tangu mwaka 1889 Bibi Salme alikaa Jaffa na kisha Beirut, mahali alipoweza kusikia Kiarabu tena, mpaka mwaka 1914 aliporudi Ujerumani. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, naye alikuwa na umri wa miaka 79. Alizikwa Hamburg karibu na mumewe, na pamoja naye ukawekwa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yeye hakurejea ngamani, ila ngama ilimfuata kaburini. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, naye alishika kalamu, akachapisha mwaka 1929 kitabu cha maisha ya babu yake, Seyyid Said.

Sasa nina neno kwa wanafunzi na neno kwa wazazi. Enyi wanafunzi, katika nyumba zenu wamo wazee ambao hawakupata kushika kalamu. Babu mmoja alilima karafuu au katani. Bibi mwingine alihama kijiji akiwa na mtoto mgongoni. Mwingine alivuka ziwa au bahari kutafuta riziki. Habari zao hazimo katika kitabu chochote. Likizo hii chukueni daftari, kaeni nao jioni, waulizeni walizaliwa wapi, walikula nini, waliogopa nini, na nani aliwadhulumu. Andikeni kama walivyosema, wala msiwapambe. Nanyi wazazi, mtoto akija na daftari lake na maswali mengi, msimfukuze mkasema ana udadisi. Bibi Salme alifichwa kalamu akaitafuta kwa mfupa. Huyu mmekwisha mnunulia. Mpeni na habari za kuandika.