Mekatilili wa Menza, Mlinzi wa Kaya

Ndugu zetu mlioko nyumbani na mlioko mbali, sehemu ya mchango wa mwaka huu itakwenda kwenye ulinzi wa misitu ya kaya. Ndiyo maana ukurasa huu tumempa Mekatilili wa Menza. Wengi wetu tunamjua kama mama aliyepambana na Mwingereza, lakini alikuwa pia mlinzi wa ardhi.

Alizaliwa Ugiriama katika karne ya 19 na kupewa jina la Mnyazi. Alipomzaa mwanawe Katilili, akaitwa Mekatilili kwa desturi yetu ya kumwita mama kwa jina la mtoto. Kufikia mwaka 1913 alikuwa mjane, mtu mzima asiye na cheo chochote serikalini.

Wakati huo jamaa nyingi zilikuwa zimehama kaya zamani na kutawanyika kutafuta mashamba, wengine wakavuka mto Sabaki hadi kwenye ardhi yenye rutuba upande wa kaskazini. Kaya Fungo ilibaki na wazee wachache, lakini bado ilikuwa moyo wa Wagiriama. Huko ndiko viapo vilikoliwa na mvua ikaombwa. Msitu wake haukuwa na ua wala askari. Ulilindwa na miiko ambayo kila mtu aliijua: mti haukatwi, mifugo haichungwi ndani, na mtu hupita njia zilizowekwa tu. Mwenye kuvunja mwiko alijibu mbele ya wazee wa kambi.

Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya nyumba, ilitaka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, na ilitaka Wagiriama waondoke kaskazini ya Sabaki. Kazi hiyo alikabidhiwa ofisa mmoja, Arthur Champion. Machifu waliowekwa na serikali hawakuwa na nguvu ya kukataa.

Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Aliwaeleza akina mama kwamba watoto wao watachukuliwa na ardhi yao itakwenda. Mwaka 1913 watu wengi walikusanyika Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi, wote wakiahidi kutoitumikia serikali. Wazee husimulia pia kuwa alimletea Champion kuku mwenye vifaranga na kumtaka achukue kifaranga kimoja, aone mama atakavyomparura.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani. Mwezi Januari 1914 wawili hao walitoroka na kurudi Ugiriama kwa miguu, wakapita mbuga na nchi za watu wasiowajua. Hakuna aliyewaagiza warudi, wala hapakuwa na mshahara uliowangoja.

Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, ikidhani kwamba kaya ikivunjwa, kiapo nacho kimevunjika. Badala yake vita vikawaka. Wagiriama walipigana kwa mishale dhidi ya bunduki. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa moto, mbuzi wakachukuliwa na faini nzito ikatozwa. Mekatilili alikamatwa tena.

Lakini watu hawakukubali kuisahau kaya yao, wala ardhi ya ng'ambo ya Sabaki. Hatimaye serikali iliwaruhusu kurudi. Mekatilili na Wanje waliachiliwa mwaka 1919 wakarejea kayani, yeye akiongoza baraza la wanawake na Wanje la wanaume. Alifariki katika miaka ya 1920, na kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na Kaya Giriama, yaani Kaya Fungo, imo. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini cheti hakimzuii mwenye shoka. Kaya nyingi ni ndogo, na pembeni mwake kuna mashamba, machimbo na watu wanaotafuta mkaa na fito za kujengea. Vijana wetu wengi hawajawahi kuelezwa miiko, na wazee wanaoijua wanazidi kupungua. Mzee wa kambi anayezunguka msitu tangu asubuhi hufanya hivyo kwa nauli yake mwenyewe.

Baruti ya mwaka 1914 haikuimaliza kaya kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa tayari kurudi. Kinachoweza kuimaliza leo ni kukosa watu hao. Kwa hiyo tunaomba mchango wako uwasaidie wale wanaoilinda: wazee wapate nauli, akina mama wapate kitalu cha miche ya miti ya asili, vijana wapelekwe kayani wakafundishwe na wanaojua, na mipaka iwekewe alama kabla haijasogezwa. Kazi yenyewe itaongozwa na wazee wa kambi, kwa kuwa wao ndio wenye kaya.

Aliye na kingi atoe kingi, aliye na kidogo atoe kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.