Kamuzu Banda: Daktari aliyeijenga Malawi kwa jasho la mkulima

Hayati Dkt Hastings Kamuzu Banda, mzawa wa Kasungu, aliondoka nyumbani angali kijana akafanya kazi katika mgodi wa Afrika Kusini. Alihitimu udaktari nchini Marekani mwaka wa 1937, akatibu wagonjwa Uingereza na Ghana, na kurejea Julai 6, 1958. Miaka sita baadaye, siku iyo hiyo, Malawi ikajinyakulia uhuru.

Alirithi nchi isiyo na pwani wala madini ya kutajika. Tegemeo lilikuwa ardhi: tumbaku, chai na mahindi. Alihimiza kilimo bila kuchoka, uchumi ukakua, wafadhili wakamsifu.

Aliyelipia sifa hizo ni mkulima wa jembe la mkono. Shirika la serikali, ADMARC, lililoundwa 1971, lilinunua mazao yake kwa bei ya chini na kuyauza ng'ambo kwa bei ya juu. Faida ilielekezwa kwa mashamba makubwa, yakiwemo ya Press, kampuni iliyomilikiwa na Banda mwenyewe. Tumbaku ya burley, yenye faida nono, ilikuwa mwiko kisheria kwa mkulima mdogo hadi karibu 1990.

Vita vya Msumbiji vilipokatiza reli za kuelekea baharini, gharama za usafirishaji zilipanda na madeni yakalimbikizana. Banda alibwagwa na Bakili Muluzi katika uchaguzi wa 1994. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria iliyoiweka Press chini ya wadhamini wa umma. Alifariki Johannesburg, Novemba 25, 1997.