Wangari Maathai Alipokuwa Mgeni Chuoni

Marehemu Profesa Wangari Maathai anajulikana kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2004. Aliaga dunia tarehe 25 Septemba 2011. Mimi nataka kusimulia jinsi alivyopata marafiki, maana huo ndio mtihani wa kwanza wa kila mgeni, hata kabla ya hesabu.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Mnamo 1943 alihamia karibu na Nakuru hapa kwetu, kwenye shamba la mzungu ambako babake alikuwa dereva na fundi wa magari. Shambani humo kulikuwa na Wakikuyu, Wajaluo na Wakipsigis, lakini kila watu walikuwa na kazi yao na makao yao: hawa kwenye mimea, hawa nyumbani kwa tajiri, hawa kwa ng'ombe. Walikuwa majirani, lakini kuchanganyika kulikuwa haba. Kumbe ujirani si urafiki! Mnamo 1947 akarudi Ihithe, akaanza shule huko.

Alimaliza masomo ya sekondari Loreto Limuru mwaka wa 1959. Septemba 1960, akiwa na miaka 20, alipanda ndege pamoja na wanafunzi wengine wa Kenya waliopata nafasi Marekani, mpango uliopiganiwa sana na Tom Mboya. Chuo chake kilikuwa Mount St. Scholastica, mjini Atchison katika jimbo la Kansas, chuo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto. Kutoka New York walisafiri kwa basi. Njiani, huko Indiana, yeye na msichana mwenzake wa Kenya waliingia mkahawani kununua soda, wakaambiwa wakainywee nje kwa sababu ni weusi. Hebu fikiria! Hata chuoni hujafika, na tayari umeonyeshwa mlango.

Mtu akifika na kidonda kama hicho, ni rahisi kujifungia chumbani na Mkenya mwenzake, wakaongea ya nyumbani hadi miaka minne iishe. Wangari hakufanya hivyo. Masista walimpokea vizuri, na wasichana wa Kansas wakamzoea, wakimwita Mary Jo, kutokana na jina lake la Kikatoliki. Likizo zilipofika, Kenya ikiwa mbali mno, rafiki yake mmoja alimchukua kwao, akakaa na wazazi wake kama mtoto wa nyumbani. Kwa maoni yangu hapo ndipo urafiki hupimwa: kuketi dawati moja ni bahati tu, lakini kuambiwa twende kwetu ni jambo jingine.

Alihitimu 1964 katika biolojia, akaendelea na masomo Pittsburgh, akarudi Kenya 1966. Jina la Mary Jo aliliacha, akawa Wangari tena. Marafiki hakuwaacha.

Vita vya kikabila vilipolitikisa Bonde la Ufa kuanzia 1991, alikuja kuwatembelea waliochomewa nyumba, ingawa serikali ya wakati huo haikupendezwa naye. Waliokuwa wakipigana walikuwa majirani wa miaka mingi, kama wale wa shamba la utoto wake. Yeye na wenzake wakawapelekea miche, ipandwe na watu wa pande zote, wakaiita miti ya amani.