Mgeni wa 1542 na Kikanisa cha Malindi

Juzi nilikuwa Myanga, kaunti ya Bungoma, kwa harusi ya rafiki. Mzee mmoja aliposikia natoka Malindi, akaniuliza kama ni kweli mji wetu una kanisa la zama za Wareno. Nikamwambia lipo, karibu na bahari, na utotoni nilikuwa nikilipita nikienda madrasa. Akataka kujua ni nani aliyesali pale. Ndipo nikamsimulia habari za Francis Xavier.

Alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Javier, Navarra, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Alipokwenda kusoma Paris alikutana na Ignatius wa Loyola, na mwaka 1534 akawa mmoja wa watu saba walioweka nadhiri iliyozaa shirika la Wajesuiti. Tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, alipanda merikebu Lisbon kwenda India. Wakakaa Msumbiji miezi kadhaa wakingoja pepo, kisha mwaka 1542 wakatia nanga Malindi.

Wareno hawakuwa wageni kwetu. Vasco da Gama alikaribishwa na mfalme wa Malindi mwaka 1498. Wala tusijidanganye, Wareno hao hao ndio walioichoma Mombasa mwaka 1505. Lakini Malindi walikuwa marafiki, na hapo Xavier alimzika mtu wa merikebu yao aliyefariki. Waislamu wa mji walitazama mazishi yale wakayasifu.

Kisha mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa heshima, akamlalamikia kwamba Malindi ina misikiti 17 lakini inayoendewa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Akamuuliza kama kwao nako ibada imepoa. Habari hii Xavier mwenyewe aliiandika katika barua.

Kikanisa chenyewe ni kidogo sana: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, paa la makuti, na makaburi kukizunguka. Hakina ajabu ya kigeni. Mawe, chokaa na makuti ni vile vile walivyojengea wazee wetu. Waongozaji wa watalii husema ndipo Xavier alipozikia.

Kutoka Malindi alifika Goa, baadaye Malacca, na mwaka 1549 Japani. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akiwa na miaka 46, akiiona China bila kuingia. Mwili wake uko Goa, na Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1622.

Mzee wa Myanga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama siku hizi misikiti yetu inajaa. Nikamwambia Ijumaa hujaa hadi nje. Alfajiri sikuitaja, maana msikiti wa mtaani kwetu hatujazi hata safu mbili, na mimi mwenyewe si kila siku nimo.